Cha Nani, na Hadi Lini: Lebo za Violesura vya Programu

Kiolesura cha programu, au API kama watengeneza programu wanavyoiita katika mazungumzo ya kila siku, ni ile sehemu ya programu iliyoachwa wazi ili programu nyingine ziitumie: majina ya kazi zinazoweza kuitwa, vitu zinavyopokea, majibu zinayorudisha na makosa zinayoweza kutangaza. Yaliyo nyuma yake yanaweza kufumuliwa na kuandikwa upya bila mtu wa nje kujua. Kiolesura chenyewe hakina uhuru huo. Kikishatoka na watu wakajenga juu yake, kukibadilisha ni kuharibu kazi za watu ambao aliyekiandika hajawahi kuwaona wala kusikia habari zao.

Lugha za programu zina kinga ya kwanza dhidi ya tatizo hili. Katika Java, neno private hufunga kitu ndani ya klasi yake, na neno public hukifungua kwa yeyote. Kwa programu ndogo kinga hiyo inatosha. Mfumo mkubwa, hata hivyo, hugawanywa katika vifurushi vingi vinavyotegemeana, na kazi iliyoandikwa kwa ajili ya kifurushi jirani lazima iwe public, la sivyo jirani hataiona. Ikishakuwa public, kompaila haimtofautishi tena jirani na mgeni. Hivyo ndani ya mfumo hukusanyika maelfu ya majina ambayo kwa sheria ya lugha yako wazi kwa dunia nzima, lakini kwa nia ya walioyaandika hayakuwa ya mtu yeyote wa nje. Nia hiyo isipoandikwa mahali, hakuna wa kuijua.

Lebo ya kiolesura huandika nia hiyo kwa kujibu maswali mawili. La kwanza ni la walengwa: nani anaruhusiwa kukitegemea? La pili ni la uthabiti: kinaweza kubadilika lini, na kwa taarifa ya muda gani? Maswali haya hayategemeani. Kiolesura kinaweza kuwa cha umma na bado kikawa kichanga, kinabadilika kila toleo huku waandishi wake wakitafuta umbo linalofaa. Kingine kinaweza kuwa cha ndani kabisa na kisiguswe kwa miaka 15 kwa sababu tu hakuna aliyepata haja ya kukigusa. Hasara nyingi zinazosimuliwa katika sura hii zilitokana na watu kuchukua jibu la swali moja na kulifanya jibu la lingine: kilicho wazi wakakiona cha kudumu, na kilichodumu wakakiona cha wote.

Miongoni mwa waliolifanya jambo hili kuwa utaratibu kamili ni kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani, iliyotengeneza mfumo endeshi wa Solaris. Sun iliuza mashine zake kwa benki na kampuni za simu, wateja ambao programu yao ikishakaa kwenye seva hawataki kuisikia tena. Kwa wateja wa aina hiyo, ahadi kwamba programu iliyojengwa kwa toleo la leo itaendelea kufanya kazi kwenye toleo la kesho ilikuwa sehemu ya bidhaa yenyewe. Ndani ya kampuni kulikuwa na kamati za kupitia usanifu, na mradi wowote uliotaka kuingia Solaris ulitakiwa kufika mbele yao na orodha ya violesura vyake, kila kimoja na daraja lake.

Madaraja hayo yalibadilika majina miaka ilivyokwenda, lakini mantiki yake ilibaki ileile. Kiolesura cha daraja la Committed kingeweza kuvunjwa katika toleo kuu pekee. Cha Uncommitted kingeweza kuvunjwa katika toleo dogo. Cha Volatile kingeweza kubadilika wakati wowote, hata katika kiraka cha kurekebisha hitilafu. Private kilikuwa cha waliokitengeneza. Kwa mtumiaji wa kawaida, daraja lilionekana mwishoni mwa ukurasa wa mwongozo wa kila amri: jedwali dogo lenye mstari wa uthabiti wa kiolesura, na neno moja mbele yake.

Uzito wa neno Committed haueleweki mpaka mtu aangalie namba za matoleo ya Solaris. Kibiashara mfumo ulipita majina mengi, kuanzia Solaris 2 hadi 7, 8, 9, 10 na 11. Chini ya majina hayo, namba halisi ya mfumo ilikuwa SunOS 5, na toleo kuu hilo la 5 lilianza mwaka 1992. Solaris 10 ni SunOS 5.10, Solaris 11 ni SunOS 5.11. Yaani kwa hesabu ya wahandisi, toleo kuu jipya halikutoka tena, na ruhusa ya kuvunja kiolesura cha Committed haikupatikana kamwe. Aliyeweka lebo hiyo katika miaka ya 1990 alikuwa ameifunga kampuni kwa kizazi kizima. Si ajabu kwamba kamati zilikuwa kali.

Kulikuwa pia na njia ya katikati. Timu moja ya Sun ilipohitaji kiolesura cha ndani cha timu nyingine, ziliandikiana mkataba: fulani anakitumia, mwenye kiolesura anajua kwamba anakitumia, na hatakibadilisha bila kumwarifu. Kiolesura kilibaki cha faragha kwa dunia, lakini kilikuwa na mtumiaji mmoja anayejulikana kwa jina. Wazo hili la walengwa wanaohesabika lilisafiri mbali kuliko Solaris yenyewe.

Solaris ilitoa pia mfano wa lebo inayosomwa na mashine. DTrace, zana ya kuchungulia mfumo unaofanya kazi, iliyotoka na Solaris 10 mwaka 2005, ilibeba daraja la uthabiti la kila kitu inachoweza kukigusa. Lebo zake zilikuwa na sehemu tatu: uthabiti wa jina, uthabiti wa data, na upana wa utegemezi, yaani kama kitu kinapatikana kwenye kila mashine au kwenye aina fulani tu ya kichakataji. Mtu alipoandika programu fupi ya DTrace, kompaila yake ilipitia kila kitu kilichotumika na kutoa daraja la programu nzima, ambalo ni la chini kuliko yote yaliyomo. Programu yenye vitu tisa vya kudumu na kimoja cha ndani ilihesabiwa kuwa ya ndani. Mtumiaji angeweza hata kuweka kiwango cha chini kabisa anachokikubali, na programu iliyoshuka chini ya hapo ikakataliwa kabla haijaanza. Ni mifumo michache sana baada ya hapo iliyofika umbali huo, na inasikitisha, kwani hesabu yenyewe si ngumu.

Aliyeurithi mpango wa Solaris kwa uwazi zaidi ni Hadoop, mfumo wa kuhifadhi na kuchakata data kwa kutumia mamia au maelfu ya kompyuta za kawaida. Ulianzishwa na Doug Cutting na Mike Cafarella, ukakuzwa ndani ya Yahoo, na unatunzwa na Apache Software Foundation. Karibu na mwaka 2009 Hadoop ilikuwa na tatizo la kufanikiwa mapema mno. Namba yake ya toleo ilikuwa bado 0.20, namba inayosema kwamba kitu hakijakomaa, huku kampuni kubwa zikiutegemea kwa kazi za kila siku.

Toleo hilo la 0.20 lenyewe lilileta somo. Waandishi wa Hadoop walikuwa wametengeneza kiolesura kipya cha kuandikia kazi za MapReduce, mtindo wa kuchakata data kwa kuigawa kwenye kompyuta nyingi, wakakiweka katika kifurushi cha mapreduce, na kiolesura cha zamani, kilichokuwa katika kifurushi cha mapred, wakakipa lebo ya kupitwa na wakati. Tatizo ni kwamba kipya hakikuwa kimekamilika. Baadhi ya vitu vilivyokuwepo upande wa zamani havikuwa na mwenzake upande mpya. Watumiaji wakabaki wanapata onyo kila wanapojenga programu zao, wanaambiwa wahame, na wanapokwenda kule wanakoelekezwa hawakuti wanachokihitaji. Hatimaye lebo iliondolewa. Kiolesura cha zamani kikarudishiwa hadhi yake, na hadi leo vyote viwili vimo. Onyo lililotolewa kabla ya wakati lilikuwa limewazoesha watu kutojali maonyo.

Mpango wa lebo wa Hadoop ulibuniwa katika kipindi hichohicho, wakati wa kujiandaa kwa toleo la 1.0, na nyaraka zake zinakiri deni kwa OpenSolaris, toleo huria la Solaris. Unayatenga maswali mawili waziwazi, kila swali kwa alama yake. Alama ya walengwa ina thamani tatu. Public ni kwa yeyote anayetaka. LimitedPrivate ni kwa miradi iliyotajwa kwa majina, ule mkataba wa Sun ukiwa umeandikwa ndani ya msimbo. Private ni kwa Hadoop yenyewe. Alama ya uthabiti nayo ina tatu: Stable, kinachoweza kuvunjwa katika toleo kuu tu, Evolving, kinachoweza kuvunjwa katika toleo dogo, na Unstable, kisicho na dhamana yoyote.

Kanuni ya kuziunganisha ni fupi na ya busara. Klasi yoyote yenye lebo ya Public au LimitedPrivate lazima iwe pia na lebo ya uthabiti, kwa sababu kumkaribisha mtu bila kumwambia atakaa hadi lini ni nusu ya taarifa. Klasi ya Private haihitaji; isipoandikwa lolote, huhesabiwa kuwa haina uthabiti. Lebo hizi si maelezo ya pembeni tu. Ni alama za lugha ya Java yenyewe, zinazoweza kusomwa na programu, na zana inayotengeneza nyaraka za Hadoop huzitumia kuamua klasi ipi ionekane kwa umma na ipi iachwe nje ya kurasa.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha mpango huu ukifanya kazi, na pia ukielemewa. Klasi iitwayo UserGroupInformation hushughulikia utambulisho: mtu anayeomba kusoma faili ni nani, yumo katika makundi gani, na kama ana tiketi halali ya Kerberos, mfumo wa kuthibitisha utambulisho. Kwa miaka mingi vichwa vyake vilisomeka hivi:

@InterfaceAudience.LimitedPrivate({"HDFS", "MapReduce", "HBase", "Hive", "Oozie"})
@InterfaceStability.Evolving
public class UserGroupInformation

Mstari wa tatu unasema klasi iko wazi kwa kila mtu. Wa kwanza unasema ni ya miradi mitano. Kompaila ya Java inaujua wa tatu peke yake. Sasa, programu ya Java inayotaka kuzungumza na klasta (kundi la kompyuta) ya Hadoop iliyolindwa kwa Kerberos kwa kawaida haina mlango mwingine ila huu. Spark, mfumo mwingine wa kuchakata data, haimo katika orodha, nayo inaitumia. Programu nyingi za ndani za makampuni hazimo, nazo zinaitumia. Orodha ya majina matano ilikuwa ya kweli siku ilipoandikwa, kisha dunia ikaipita. Baadaye waandishi wa Hadoop walikubali hali halisi na lebo ikabadilishwa kuwa Public. Uthabiti ulibaki Evolving, jambo linaloonyesha faida ya kutenganisha maswali mawili: waliweza kupanua walengwa bila kuongeza urefu wa ahadi.

Mradi wa HBase, uliojengwa juu ya Hadoop, ulichukua mpango huohuo, na alama zenyewe zikahamishiwa baadaye katika mradi mdogo wa Apache uitwao Yetus ili mradi wowote uzitumie bila kubeba Hadoop nzima.

Kwa upande wa yale yanayotokea lebo inapokuwepo lakini haina nguvu, hakuna kisa kinachofundisha zaidi ya kile cha sun.misc.Unsafe. Jina lenyewe ni lebo mara mbili. Vifurushi vinavyoanza na sun vilijulikana tangu zamani kuwa mali ya ndani ya Java. Sun, iliyotengeneza Java pia, iliwaonya watengeneza programu rasmi wasiviguse, na kompaila ilitoa onyo kwamba kitu hicho ni cha ndani na kinaweza kuondolewa katika toleo lijalo. Neno Unsafe nalo halihitaji ufafanuzi. Kulikuwa hata na mlinzi: njia ya kawaida ya kuipata klasi hiyo hukagua nani anaita, na akiwa si sehemu ya Java yenyewe hutupiwa kosa la usalama.

Mlinzi huyo alipitwa kwa mistari michache. Java inaruhusu programu kuchunguza umbo la klasi na kusoma sehemu zake zilizofichwa, na ndani ya Unsafe mna sehemu iitwayo theUnsafe iliyoshika kitu kizima. Mtu huiomba kwa jina, huiambia Java isijali ufaragha wake, na huichukua. Mistari hiyo ilinakiliwa kutoka mradi hadi mradi, kwa sababu nyuma ya Unsafe kulikuwa na mambo yasiyopatikana kwingine: kushika kumbukumbu nje ya eneo linalosimamiwa na Java, na kubadilisha thamani kwa hatua moja isiyoingiliwa na nyuzi nyingine za programu. Miradi ya Netty na Cassandra, na hata Hadoop yenyewe, iliitumia. Wote walisoma onyo. Walipima hatari ya siku zijazo dhidi ya kasi ya siku ile, wakachagua kasi, na kwa kweli ni vigumu kuwalaumu.

Java 9, iliyotoka Septemba 2017, ilileta mfumo wa moduli ambao ungeweza hatimaye kuvifunga vya ndani kwa kweli. Mpango ulipojulikana, malalamiko yalikuwa makubwa kiasi kwamba Unsafe na vichache vingine vilivyotumika sana viliachwa wazi. Vikawekwa katika moduli iliyopewa jina la jdk.unsupported, lebo ya tatu juu ya zile mbili. Vya ndani vingine vingi vilifungwa polepole: kwanza kwa onyo, kisha Java 16 ikavifunga kwa kawaida ikiacha swichi ya kuvifungua, na Java 17 ya Septemba 2021 ikaiondoa swichi hiyo ya jumla. Kwa Unsafe kulifuatwa njia ndefu zaidi. Kila kazi yake ilitafutiwa mbadala rasmi, baadhi katika Java 9, na nyingine katika Java 22, iliyokamilisha kiolesura cha kushika kumbukumbu ya nje. Hapo tu ndipo Java 23, mwaka 2024, ilipoziwekea njia zake za kugusa kumbukumbu lebo ya kuondolewa. Kilichowaondoa watumiaji ni kupata pa kwenda, jambo ambalo onyo la miaka mingi halikulifanya.

Swali linalofuata basi ni wapi lebo iwekwe ili isomwe. Mahali dhaifu kuliko pote ni kwenye nyaraka, maana anayetafuta jina la kazi huku kihariri chake cha msimbo kikimpendekezea orodha hafungui nyaraka. Jina la kitu chenyewe ni bora zaidi. Katika lugha ya Python, jina linaloanza na mstari wa chini linajulikana kuwa la ndani, kwa makubaliano tu, bila lugha kuzuia chochote. Makubaliano hayo yanaheshimiwa kwa kiasi kikubwa, ingawa sys._getframe, yenye mstari wake wa chini mbele, inaitwa na programu nyingi, zikiwemo sehemu za maktaba sanifu ya Python yenyewe.

Lugha ya Go ilichagua kizuizi kwa kutumia mahali. Tangu toleo la 1.5 la Agosti 2015, saraka iliyopewa jina la internal inaweza kutumiwa na msimbo ulio chini ya saraka mama yake pekee. Mwingine yeyote anakataliwa wakati wa kujenga. Hakuna alama ya kujifunza, na hakuna wa kujitetea kwamba hakuiona. Hasara yake ni kwamba inajibu swali la walengwa tu. Kuhusu uthabiti, Go ina ahadi moja ya jumla iliyotolewa na Go 1 mwaka 2012, kwamba programu zilizoandikwa kwa Go 1 zitaendelea kujengeka na kufanya kazi katika matoleo yote ya Go 1.

Lugha ya Rust ililishughulikia swali la uthabiti kwa ukali zaidi. Kila kitu cha umma katika maktaba yake sanifu lazima kiwe na alama, ama ya kuwa thabiti pamoja na toleo kilipothibitishwa, ama ya kutokuwa thabiti pamoja na namba ya suala linalofuatiliwa. Kitu kisicho na alama hufanya maktaba yenyewe ishindwe kujengwa. Mwenye kompaila ya toleo la kawaida hawezi kukitumia kitu kisicho thabiti hata akitaka; lazima ahamie kompaila inayotoka kila usiku na kuandika juu ya msimbo wake kwamba anakihitaji kitu hicho kwa jina. Lebo imekuwa lango. Anayepita anajua kwamba amepita, na ameacha maandishi.

Violesura vya mtandaoni havina kompaila ya kumzuia mtu, kwa hiyo mara nyingi lebo hukaa ndani ya anwani. Mfumo wa DHIS2, unaotunzwa kutoka Chuo Kikuu cha Oslo na unaotumiwa na wizara za afya za Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda kukusanya takwimu za vituo vya afya, uliweka namba ya toleo la kiolesura mara baada ya neno api katika anwani. Programu iliyoomba /api/33 ilipata kiolesura cha toleo la 33. Isiyotaja namba ilipata la sasa, lolote lile. Sera ya mradi ilikuwa kuhudumia matoleo matatu ya mwisho. Namba hiyo haikutumia kivumishi chochote, lakini ilijibu swali la hadi lini kwa usahihi kuliko vivumishi vingi, mradi anayeunganisha mfumo wa maabara au wa dawa aikumbuke kuiandika.

Kubernetes, mfumo wa kusimamia programu zilizosambazwa kwenye kompyuta nyingi, iliunganisha namba na hadhi. Toleo la kiolesura laweza kuitwa v1alpha1, kisha v1beta1, kisha v1. Cha alpha kinaweza kutoweka bila taarifa. Cha beta, kikishatangazwa kupitwa na wakati, hudumishwa kwa miezi 9 au matoleo matatu, kipi kirefu. Cha v1 hakiondolewi ndani ya toleo kuu hilo. Hadhi imo ndani ya faili ambayo mtumiaji anaiandika kwa mkono wake, kwa kawaida mstari wa kwanza kabisa. Ni vigumu kuwaza mahali pa wazi zaidi.

Hata hivyo haikutosha. Ingress, kiolesura cha kuelekeza maombi ya nje kwenda kwenye programu sahihi, kiliingia Kubernetes mwaka 2015 kikiwa beta. Ni kitu ambacho karibu kila anayeweka tovuti kwenye mfumo huo anakihitaji. Kikabaki beta hadi Agosti 2020, toleo la 1.19 lilipokipa hadhi ya v1. Kwa miaka mitano hiyo kila mtu alijenga juu ya beta, kwa sababu hapakuwa na kingine, na kwa sababu beta ilikuwa imewashwa tayari kwenye kila klasta. Toleo la 1.22 la Agosti 2021 lilipoiondoa beta, faili zilizoandikwa kwa v1beta1 zilikataliwa. Sera ilifuatwa herufi kwa herufi. Watumiaji walioumia walikuwa na hoja nao: lebo inayokaa miaka mitano bila kubadilika huacha kumaanisha kitu. Waandishi wa Kubernetes waliliona hilo, na kuanzia toleo la 1.24 la mwaka 2022 violesura vipya vya beta havijiwashi vyenyewe. Anayevitaka lazima aviwashe.

Guava, maktaba ya Java kutoka Google, nayo ilikuwa na alama ya Beta kwenye sehemu zake nyingi, na ilileta tofauti ambayo mipango mingine haikuifikiria. Mwenye programu ya mwisho, anayeiendesha mwenyewe, aliruhusiwa kutumia vya beta. Kikibadilika atarekebisha mistari michache na maisha yataendelea. Mwenye maktaba inayotumiwa na wengine alikatazwa, kwani maktaba mbili zinazohitaji umbo tofauti la kazi ileile ya Guava haziwezi kukaa ndani ya programu moja, na anayeumia ni mtu wa tatu ambaye hakuchagua lolote. Google ilitoa hata zana ya kukagua msimbo wa maktaba na kusimamisha ujenzi ikikuta beta ndani. Hapa swali la walengwa halihusu tena nani yuko ndani na nani yuko nje. Linahusu mahali pa mtumiaji katika mnyororo wa wanaotegemeana.

Lebo zote hizi zina mpaka wa jumla, uliotajwa vizuri na Hyrum Wright, wakati huo mhandisi wa Google, katika kanuni inayobeba jina lake: watumiaji wakiwa wengi vya kutosha, kila tabia ya mfumo inayoonekana itakuwa na mtu anayeitegemea, haidhuru mkataba umesema nini. Mpangilio wa majibu ambao haukuahidiwa, maneno ya ujumbe wa kosa, hata ucheleweshaji. Kanuni hiyo haifuti maana ya lebo. Lebo haiwezi kuzuia utegemezi, lakini inaamua nani atabeba gharama siku utegemezi huo unapokatika, na mwenye kiolesura anaweza kukibadilisha bila kuonekana amevunja neno lake.

Kerneli ya Linux imechora mstari wa gharama hiyo mahali pa wazi kuliko mifumo mingi. Kwa programu za watumiaji, kanuni ya Linus Torvalds ni kwamba kerneli haizivunji, hata pale programu ilipotegemea kitu ambacho haikupaswa kukitegemea. Kwa madereva na moduli zilizo ndani ya kerneli hakuna ahadi yoyote. Greg Kroah-Hartman aliandika waraka mzima, uliomo ndani ya msimbo wa kerneli, kueleza kwa nini haitakuwepo. Katikati ya hayo kuna saraka ya nyaraka yenye vijisaraka vinne: vya kudumu, vya majaribio, vinavyoondoka na vilivyoondolewa. Kiolesura kinachoingia katika cha kwanza kinapewa dhamana ya angalau miaka 2.

Lebo ya mwisho katika maisha ya kiolesura, ile ya kupitwa na wakati, ndiyo inayotumika vibaya zaidi, kwa sababu neno moja lilibebeshwa maana mbili: kuna njia bora kuliko hii, na hii itaondolewa. Java iliishi na mkanganyiko huo kwa miongo miwili. Thread.stop, kazi ya kuua uzi wa programu katikati ya shughuli zake, iliwekewa lebo hiyo mwaka 1998, kwani ingeweza kuacha data katika hali iliyovurugika. Iliendelea kufanya kazi mwaka baada ya mwaka, na watumiaji wakajifunza kwamba lebo hiyo katika Java haimaanishi kuondoka. Java 9 ikaongeza sehemu mbili ndani ya alama yenyewe: tangu toleo lipi, na kama kitu kimepangwa kuondolewa kweli. Aina ya pili hutoa onyo kali zaidi ambalo halizimwi na swichi ya zamani ya kunyamazisha maonyo. Pamoja nayo ikaja amri ya jdeprscan, inayopitia programu iliyokwisha kujengwa, hata kama msimbo wake haupo, na kuorodhesha kila inachokiita cha Java kilichopitwa na wakati. Thread.stop yenyewe ilifikiwa mwaka 2023, katika Java 20: jina lilibaki, lakini aliyeiita alipokea kosa badala ya uzi kuuawa.